Mawe ya parke yetu, na nyumba zetu juu yake

Hii ni hotuba niliyotoa hapa Goma kwenye mkutano wa vijana wa kartiye. Wengi walikosa, wengine walifika wakabaki nje juu ukumbi ulijaa, kwa hiyo naiweka yote hapa kama vile ilisemwa. Picha za ukutani nimeziacha. Mawe ya mezani nitawaeleza kwa maneno.

Wakubwa wetu mulio hapa mbele, wa mama, wa papa, vijana, na ninyi wanafunzi mumejaa kule kwa mlango, ingieni ndani, nafasi iko. Jambo sana!

(Jambo!)

Nimeweka mawe matatu kwa meza. Yatazunguka, kila mutu ayashike, ayageuze, akitaka ayanuse. Tafadhali yarudi yote, juu hilo la kwanza limesafiri toka Mutwanga, kule chini ya milima ya Ruwenzori, ndani ya gunia ya kakao na sina namna ya kulipata lingine kesho.

Nianze na swali. Nikisema Parke ya Virunga, munaona nini?

(Gorila!)

Nilijua. Kila mara ni gorila. Sina shida na gorila, ni wazuri, wageni wanalipa pesa nyingi kuwaona. Lakini niambieni, nyumba ngapi humu Goma zimejengwa juu ya gorila? Munacheka. Na ngapi zimejengwa juu ya mawe ya milima ya parke, na kwa mawe ya milima ya parke, fondasyo ya mawe, ukuta wa parseli wa mawe, hata kiti cha mama anayeuza makala ya kupikia pale njiani ni jiwe? Karibu zote. Basi leo gorila wapumzike.

Parke ilianzishwa 1925 wakati wa Wabeleji, ikapewa jina la mufalme wao Albert, na ndiyo ya kwanza Afrika. 1969 ikaitwa Virunga, 1979 UNESCO ikaiandika kati ya urithi wa dunia. Ukubwa wake ni kama kilometa za mraba 7,800, lakini haiko kiwanja cha mupira, ni kipande kirefu chembamba, kinaanzia hapa nyuma ya Goma na kupanda kaskazini mpaka kwenye barafu ya Ruwenzori. Waliochora ile mipaka walikuwa wanafikiria wanyama. Lakini bila kukusudia walizungushia uzio mupasuko wa ardhi, na ndani yake kuna jiwe lenye miaka zaidi ya bilioni 2, na kuna jiwe lingine dogo kwa umri kuliko vijana wote humu ndani. Yote mawili yako hapa kwa meza.

Tuanze na la Mutwanga. Ni zito, la kijivu, liko na mistari myeupe na myeusi iliyolala pamoja, na ukiligeuza kwa mwanga utaona vipande vidogo vinang'aa. Linaitwa naisi. Lilipikwa chini kabisa ya ardhi, kilometa na kilometa, likabanwa mpaka madini yake yakajipanga mistari. Sasa nani ananiambia Ruwenzori ni volkano? Inueni mikono. Ehee. Nusu ya ukumbi.

Ruwenzori haiko volkano. Narudilia, Ruwenzori haiko volkano. Haijawahi kutapika kitu. Ni kipande cha ardhi ya zamani sana kilichosukumwa juu wakati pande zake zinapasuka na kushuka, na kilele chake Margherita kimefika metre 5,109, na pembeni yake bonde la Semliki liko chini ya metre 1,000. Fikiria huo mushuko! Na hata chini ya bonde bado kuna kilometa kadhaa za muchanga na udongo kabla hujagusa jiwe gumu.

Muzee mumoja wa Mutwanga aliniuliza swali ambalo sijasikia kwa profesa yeyote. Alisema, wewe unasema mulima unapanda, mbona mimi kila muvua naona mito inaushusha, inaleta mawe makubwa mpaka inavunja daraja? Nikamwambia muzee, vyote viwili ni kweli kwa wakati mumoja. Mulima unapanda na mito inaukwangua, na ule udongo wa Semliki munaolima kakao ni mulima wenyewe umefika chini. Akanyamaza kidogo akasema, basi mimi nalima Ruwenzori bila kupanda. Sikuwa na la kuongeza.

Na nyinyi munaopanda gari kwenda Butembo, ile mulima ya Kabasha, mukimaliza tambarare ya Rwindi, pale gari linaanza kulia na kondakta anashuka na kipande cha gogo cha kuzuia gurudumu, munajua pale munapanda nini? Munapanda ukuta wa mupasuko. Afrika inapasuka hapa kwetu, upande wa mashariki unaenda zake pole pole, kama milimita 2 au 3 kwa mwaka. Kidogo sana, eti? Lakini mutoto akizaliwa leo na kufika miaka 50, bonde limeongezeka sentimita 10 mpaka 15. Hiyo ni ya mutu mumoja tu. Weka sasa miaka milioni.

Nipite haraka Ishango, pale Semliki inatoka kwenye ziwa Edward, juu kuna mutu atakasirika nisipoitaja. Kwenye tabaka za udongo pale, mwaka 1950, Mubeleji Jean de Heinzelin alichimbua mufupa wenye alama zilizochongwa kwa vikundi, una miaka kama 20,000, uko Brussels mpaka leo. Wengine wanasema ni hesabu, wengine wanabisha. Mimi kinachonivutia ni kwamba mufupa ulifunikwa na mavi ya volkano, majivu yale, na matope ya ziwa, na hayo ndiyo yaliuchunga. Tuendelee.

Sasa tunakuja nyumbani. Nani hapa alizaliwa Bukavu? Muko wengi. Maji ya ziwa Kivu yanaenda wapi?

(Ruzizi!)

Vizuri. Ruzizi, halafu Tanganyika, halafu Lukuga pale Kalemie, Lualaba, muto Kongo, Boma, bahari ya Atlantiki. Zamani haikuwa hivyo. Zamani maji ya huku yalikuwa yanaelekea kaskazini, upande wa ziwa Edward, yanaingia njia ya Nile mpaka Misri. Nini kilibadilisha? Volkano. Milima ya Virunga ilijipanga katikati ya bonde toka ukuta wa mashariki mpaka wa magharibi, ikaziba njia. Maji yakakosa pa kupita, yakajaa, yakapanda, mabonde ya vijito yakazama na kuwa zile hori munazoona kwa kisiwa cha Idjwi na Bukavu, mpaka maji yakapata nafasi kule kusini yakamwagikia Ruzizi. Hiyo ni jambo la juzi juzi kwa hesabu ya mawe, kama miaka 10,000 hivi tu Ruzizi inapokea maji ya Kivu.

Kwa hiyo Bukavu munatudai, au sisi tunawadai, sijui. Lakini bila volkano hakuna ziwa hili kwa ukubwa huu. Ndani yake, huko chini karibu metre 480, kumejaa gazi zilizoyeyuka, kilometa kyubiki kama 300 za gazi ya kaboni na kama 60 za metani. Hiyo peke yake inataka hotuba yake, siiingii leo.

Na kuna kitu kingine. Wageni wakifika Goma wanashangaa, muvua inanyesha hivi, mbona hakuna muto hata mumoja ndani ya muji? Mama anapita na bido ya litre 20 mugongoni, toto dogo na ka bido kake ka litre 5, pikipiki na mabido sita ya njano, wote wanatoka ziwani. Kwa nini? Juu jiwe letu lina matundu na nyufa, muvua inaingia yote chini na kutokea ziwani. Shukeni pwani mahali pengine mutaona maji baridi masafi yanatoka katikati ya mawe. Ni ile muvua ya mulima. Mutu akiuliza sababu ya shida ya maji Goma, kuna sababu nyingi, zingine za watu, sitaji. Lakini ya kwanza kabisa ni jiwe.

Chukueni sasa jiwe la pili. Hili jeusi. Pitisha pole pole, makali yake yanakata mukono. Juu iko na ngozi laini inayong'aa kama imepakwa, imejikunja mikunjo. Ndani ni matundu matundu, ni gazi ilikuwa inatoka wakati jiwe linaganda. Nililiokota Buhene, kaskazini ya muji. Limezaliwa Jumamosi tarehe 22 mwezi wa 5, 2021, kati ya saa moja ya usiku na asubuhi. Wangapi kati yenu muna cheti cha kuzaliwa chenye uhakika hivyo?

Hilo ni jiwe la volkano ya Nyiragongo. Nyiragongo ina metre 3,470, na jirani yake Nyamulagira ina 3,058, hawafiki kilometa 20 kati yao, lakini hawana tabia moja. Nyamulagira ni mupana, amelala, ametapika zaidi ya mara 40 toka 1885, mara nyingi ndani ya musitu wa parke. Siku zingine anafika mbali, lava yake ya 1938 mpaka 1940 iliingia ziwani upande wa Sake. Mukienda Sake muangalie ile lava yake ya zamani, juu yake kuna kitu cha kijivu kama ndevu, kigumu kidogo, kinafunika jiwe lote. Ndio kitu cha kwanza kuota, halafu inakuja kangaga, halafu vichaka, halafu sisi na majembe.

Nyiragongo naye ni mwembamba, mukali, na lava yake haina silika nyingi, yale madini ya muchanga, chini ya asilimia 40. Silika ndiyo inafanya lava iwe nzito. Ikikosa, lava inakimbia kama mafuta ya mawese yaliyopata moto. Huko duniani wanakuja kusoma hili jiwe letu peke yake. Pale Shaheru, ule mulima mudogo wenye shimo munaoupita mukipanda toka Kibati, Mufini mumoja, Sahama, na wenzake walipata miaka ya 1950 madini ambayo hayakuwa yameandikwa mahali popote, moja wakaliita gotzeniti, jina la yule Mujerumani Götzen aliyepita hapa 1894, lingine kombeiti, lingine kirshsteiniti. Kama wangetuuliza sisi tungeyapa majina mengine, lakini hatukuulizwa.

Sikia sasa 1977. Tarehe 10 mwezi wa kwanza. Juu ya Nyiragongo kulikuwa ziwa la moto, mutaalamu wa volkano Haroun Tazieff alikuwa amelifikia toka 1948 akaiambia dunia. Siku hiyo mulima ukapasuka pembeni, ziwa lote likamwagika chini ya saa moja. Chini ya saa moja! Watu walisikia kishindo, wakatoka nje, ikawa imefika. Wengi walikufa, hesabu hazipatani. Na kilichobaki kwa ardhi ndicho kilishangaza, kwa sehemu nyingi lava ilikuwa nyembamba kama ngozi, ilipita ikaenda zake, ikaacha koti jeusi kwa shina za miti, kwa kipimo ilichofika. Kundi la tembo lilikutwa njiani, na jiwe likaganda likizunguka miili yao, miili ikaoza, yakabaki mashimo yenye umbo la tembo. Miti pia inaacha mashimo hivyo, mukipanda mulima mutayaona, shimo la mviringo limesimama wima ndani ya jiwe, mukitia mukono mutagusa alama za maganda ya muti. Muti haupo. Maganda yake yameandikwa.

2002, tarehe 17 mwezi wa kwanza. Hiyo wakubwa hapa munaijua kuliko mimi. Ardhi ilipasuka toka juu ya mulima, kupitia Shaheru, kushuka mpaka Munigi, nyufa zikafuatana mustari mumoja zaidi ya kilometa 10, na lava ikatoka karibu kabisa na muji. Ikakata uwanja wa ndege, ikapita katikati, ikachukua katedrali, ikaingia ziwani. Kama asilimia 13 ya muji ilifunikwa. Watu kama 120,000 wakabaki bila nyumba. Na siku chache baadaye, watu wakiwa wanachota mafuta kwenye kituo kilichozungukwa na lava bado ina moto, kikalipuka, kikachukua roho nyingi.

2021 mwajua. Lava ilivuka barabara ya Rutshuru, ikasimama Buhene, uwanja wa ndege ukapona. Tukasema asante Mungu, imeisha. Haikuwa imeisha, si ndiyo? Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka usiku na muchana, ukuta unapasuka, mutoto hataki kulala ndani, barabara zikafunguka nyufa toka kwetu mpaka Gisenyi. Tarehe 27 serikali ikasema kartiye 10 watoke, watu wakaenda Sake, Rutshuru, Gisenyi, wengine boti mpaka Bukavu. Nini kilikuwa kinatembea? Moto ulikuwa unapita chini yetu, ndani ya ufa, kusini, mpaka chini ya ziwa. Haukutoka juu.

Sasa wekeni hizo mara tatu pamoja. Muone mustari. Mulima, Shaheru, Munigi, muji, ziwa. Kaskazini kwenda kusini. 2002 njia hiyo, 2021 njia hiyo. Ni bahati mbaya? Hapana. Ni ule mupasuko niliowaambia wa Kabasha na Ruwenzori, ni uleule, unafunguka mashariki na magharibi, na nyufa zake zinalala kaskazini na kusini, na moto unatafuta ufa. Moto haupendi kazi mupya kama ufa wa zamani upo. Na sisi tumejenga wapi? Juu ya mustari. Baada ya 2002 lava ilikuwa bado inatoa moshi, mutu amekuja na marto na kamba anapima parseli yake. Namuelewa, hakuwa na parseli nyingine. Lakini ninayeshindwa kumuelewa ni yule anayeuza parseli pale na kusema pameshaungua, hapaungui tena.

Jiwe la tatu. Wengine mumelidharau, nimeona, mumelipitisha haraka. Ni la kahawia, jepesi, ukilikwangua kwa ukucha linatoka unga, na liko na tabaka nyembamba nyembamba, na ndani vijiwe vyeusi vidogo. Limetoka Mont Goma, hapa hapa, pale juu ya bandari. Mont Goma ni nini? Ni volkano. Ndogo, imekufa, lakini ni volkano. Ilitoka pale moto ulikutana na maji. Lava ikitoka kwa ardhi kavu inatiririka, mutu anaweza kukimbia. Ikitoka kwenye maji au udongo uliojaa maji, maji yanageuka muvuke mara moja na yote inalipuka, jiwe linasagika unga, unaruka, unaanguka tabaka juu ya tabaka. Hesabuni tabaka kwa hicho kipande, kila moja ni mulipuko. Lac Vert kule Mugunga ni hivyo hivyo, lile shimo zuri munapoenda kupiga picha za harusi. Ndiyo maana mwezi wa 5 mwaka 2021 wataalamu hawakuogopa tu lava ya mulimani. Waliogopa moto kutoka karibu na ziwa.

Mimi hili jiwe la unga linaninyima usingizi kuliko lile jeusi. Nimesema.

Kuna kitu cha mwisho ambacho hakiko kwa meza juu hakionekani. Mazuku. Wa mama wa Mugunga na njia ya Sake munaijua. Gazi ya kaboni inatoka kwa nyufa, ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, inakaa kwa mabonde madogo, mashimo, asubuhi mapema kama hakuna upepo. Haina rangi. Mbuzi anashuka kula majani mabichi, hapandi. Kuku anapita anaanguka. Mutoto anafuata mbuzi. Hata tembo wa parke wamekutwa wamekufa hivyo. Muone basi jambo hili, mahali pa mazuku majani huwa ni mazuri, na mifupa iko katikati.

Kwa hiyo wamasoni, wajenzi wa nyumba, walio hapa, na wote munaochimba fondasyo na choo, na ninyi vijana munaopasua graviye, mawe madogo ya kujengea: ukichimba na ukute ufa unapumua hewa ya moto, au shimo refu linaloingia chini kama tuneli, au mwenzako ameshuka akasema kichwa kinazunguka, simama. Usishuke kumufuata, ndio wanakufa wawili watatu. Vuta kwa kamba kama amefungwa kamba, na kama hakufungwa, kesho mufunge. Halafu mupeleke habari kwa Observatwari ya Volkano, iko hapa muji toka 1986, waambieni mahali na siku. Wao wana mashine za kusikia mutetemeko, lakini hawana macho kwa kila parseli. Nyinyi munachimba kila siku kuliko wao.

Naona mama mumoja kule nyuma ameinua mukono toka nilipotaja choo. Mikro iende kwake kwanza, halafu tutarudi kwa wanafunzi. Na jiwe la Mutwanga liko wapi? Liko kwa nani?